Ziwa Moja, Wenye Haja Wengi

Jua linapotua nyuma ya milima ya Uvira, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mji wa Bujumbura wote huwa una haja na ziwa hilo. Wavuvi husukuma vyombo vyao majini, taa zikiwa tayari kwa kazi ya usiku. Bandarini, wapagazi humalizia kupakua shehena iliyotoka Kigoma au Mpulungu. Katika hoteli za ufukweni, wageni huketi kutazama maji yakibadilika rangi. Mitambo ya REGIDESO haipumziki. Huvuta maji ya ziwa, huyasafisha na kuyapeleka katika mabomba ya mji. Upande wa magharibi, karibu na Gatumba, viboko wa mto Rusizi hutoka majini kwenda malishoni. Na katika mtaa wa Buyenzi, mama wa nyumbani asiye na chombo wala hoteli hujiuliza jambo moja tu: kesho asubuhi fungu la ndagala litauzwa bei gani?

Wote hao wana haki na ziwa. Mvuvi hafanyi kosa kuvua, wala mwenye hoteli kutafuta wageni, wala mji kunywa maji. Hata kiboko ana haki yake, maana alikuwapo kabla ya mji kujengwa. Tabu huanza pale haja ya mmoja inapoziba haja ya mwenzake: maji machafu yanapotiririka hadi mahali pa kutekea, jengo linapofunga njia ya mvuvi kwenda mwaloni, au wavu wa leo unapowakusanya samaki ambao wangalivuliwa mwakani wakiwa wakubwa.

Kwa ajili hiyo serikali, ya Burundi na za jirani zake, zimeweka mipaka ya namna mbili. Kuna mipaka ya mahali, yaani sehemu zisizoguswa. Na kuna mipaka ya majira, yaani miezi ambayo haivuliwi. Mipaka hiyo haigawi maji tu. Hugawa pia shibe na njaa, kazi na kukaa bure. Ndiyo sababu inafaa izungumzwe majumbani, na zaidi katika nyumba za askari na polisi, kwa kuwa baba au mama wa nyumba hiyo huenda ndiye atakayetumwa kuilinda, na jioni arudi kula chakula kilichotoka ziwani humo humo.

Ghala lenye chakula juu tu

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673, na kina chake hufika mita 1,470. Duniani ni ziwa la Baikal peke yake, huko Urusi, linalolizidi kwa kina. Nchi nne zinalichangia: Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia. Fungu la Burundi ni kama asilimia 8 tu ya eneo lote, na pwani yake ina kilomita 159.

Mtu anayesimama ufukweni na kutazama maji hayo mengi huona vigumu kuamini kwamba akiba yake inaweza kupungua. Lakini ukubwa huo humdanganya mtazamaji. Katika sehemu ya kaskazini, hewa ambayo samaki huivuta majini hukoma kwenye kina cha mita 100 hivi. Chini ya hapo pana giza na maji yasiyofaa kwa uhai wa samaki. Ziwa ni kama ghala refu mno ambalo chakula chake chote kimewekwa kwenye ubao wa juu. Mwenye kuhesabu urefu wa ghala atajiona tajiri. Mwenye kuhesabu chakula atakuwa mwangalifu.

Tena ziwa hili halina njia pana ya kutolea uchafu wake. Mto unaotoka humo ni mmoja tu, Lukuga, karibu na Kalemie upande wa Kongo. Maji mengi huondoka kwa kugeuka mvuke, na mvuke hauchukui taka. Kinachoingizwa na mito ya Ntahangwa, Muha na Kanyosha, iwe ni udongo wa milimani au taka za mitaani, hukaa humo kwa vizazi vingi.

Katika tabaka hilo la juu ndimo wanamoishi samaki ambao Bujumbura yote inawajua. Wa kwanza ni ndagala, ambaye jirani wa Kigoma humwita dagaa. Wa pili ni mukeke, ambaye huko Kigoma huitwa mgebuka, na chakula chake kikubwa ni huyo huyo ndagala. Wa tatu ni sangala, mkubwa kuliko wote. Watatu hawa wameshikamana kama wapangaji wa nyumba moja. Ndagala akipungua, mukeke hukonda. Na watoto wa sangala hukulia katika magugu ya pwani, mahali pale pale ambapo kokoro, ule wavu mrefu unaokokotwa hadi nchi kavu, hupita na kufagia kila kitu. Ndiyo maana wataalamu wa uvuvi huchukia kokoro kuliko nyavu nyingine zote: wavu huo humvua samaki na mtoto wake, na hung'oa hata kitanda alichozaliwa.

Hata hivyo haki hutaka isemwe kwamba si kila upungufu ni kosa la mvuvi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba ziwa limepata joto, na kwamba maji yake ya juu na ya chini hayachanganyiki vizuri kama zamani. Rutuba iliyolala chini haipandi kwa wingi, na bila rutuba vijimea ambavyo ni mwanzo wa chakula chote cha ziwani hupungua. Mvuvi wa Bujumbura hakuliletea ziwa joto hilo. Lakini ghala likishaanza kupata nafaka kidogo, mwenye kuchota humo hana budi kuchota kwa kipimo, hata kama kosa si lake.

Mpaka wa mahali: Rusizi

Mfano wa mpaka wa mahali uko karibu, mwendo mfupi wa gari kutoka katikati ya mji kwa barabara ya Gatumba. Hapo mto Rusizi, uliotoka Ziwa Kivu, huingia Tanganyika kwa njia za maji zilizopita kati ya matete. Eneo hilo lilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1980, mwaka ule ule ilipoundwa taasisi ya taifa ya kulinda mazingira, na mwaka 2002 likaandikwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar, ambayo ni orodha ya ardhi oevu zenye thamani kwa dunia nzima.

Watalii huenda Rusizi kuwatazama viboko, mamba na ndege. Lakini faida ya mahali hapo haiko kwa mtalii peke yake. Matete huzuia matope ya mto yasimwagike yote ziwani. Humo samaki hupata mahali pa kuzalia na kujificha. Hifadhi iliyohifadhiwa vema huko Rusizi humlipa mvuvi ambaye hajawahi kukanyaga ndani yake.

Pamoja na hayo, watu wanaoishi kandokando wana haja zao. Matete yale ndiyo mapaa na nyua zao. Majani yale ndiyo malisho ya ng'ombe wakati wa kiangazi. Mkulima aliyelimishwa na uhaba wa ardhi huusogelea mpaka hatua moja kila msimu. Usiku viboko nao huvuka mpaka kutoka upande wao, wakala mazao shambani. Mtu aliyeliwa shamba lake na kiboko, kisha akatozwa faini kwa mzigo wa matete, hawezi kulaumiwa akiona kwamba sheria inampenda mnyama kuliko yeye. Dawa yake ni kumpa sehemu inayojulikana, na siku zinazojulikana, ambapo aweza kukata matete kwa kipimo. Kuifuta hifadhi hakutamfaa, wala kumpiga mwananchi hakutaifaa hifadhi.

Mpaka mwingine wa mahali ni ule wa ufukwe wenyewe. Sheria ya Maji ya Burundi ya mwaka 2012 iliweka ukanda wa mita 150 kandokando ya Tanganyika, usijengwe. Wako walioiona sheria hiyo kuwa ni hasara, maana kiwanja cha ufukweni ni dhahabu. Kisha yakaja mafuriko. Mwaka 2020 Rusizi ilifurika na kuwafukuza maelfu ya watu wa Gatumba kutoka nyumbani kwao. Mwaka 2021 na tena mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda hadi ndani ya nyumba, hoteli na bandari. Wazee walikumbuka mvua za mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambapo ziwa lilipanda vivyo hivyo. Aliyejenga ndani ya ukanda ule alitambua kwamba mita 150 hazikuwekwa kwa ajili ya viboko peke yao. Ziwa lenyewe huhitaji ua wa mbele, na lisipopewa huuchukua.

Mpaka wa majira: miezi 3 bila taa

Mpaka wa majira ni mgumu zaidi, maana hauna mti wala nguzo ya kuuonyesha. Tarehe 16 Desemba 2021, nchi nne za ziwa zilitia sahihi mapatano ya hatua za pamoja za uvuvi. Kutokana nayo zilikubaliana kwamba ziwa lote lipumzishwe kwa miezi 3 katika mwaka, na mwaka 2024 tarehe zilizopangwa zikawa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kazi ya kuziunganisha nchi hizo ni ya Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, ambayo makao yake yako Bujumbura, na ambayo msingi wake ni Mkataba uliotiwa sahihi Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003.

Sababu ya kupumzika kwa pamoja ni rahisi kueleweka. Samaki hana hati ya kusafiria. Burundi ikifunga sehemu yake huku majirani wakivua, itakuwa imewaachia wengine chakula chake. Na miezi hiyo ya kiangazi ndiyo ambayo pepo za kusini-mashariki huyavuruga maji, zikaleta rutuba juu, na kuwaamsha viumbe wadogo ambao ndagala huwala. Samaki mchanga anayeachwa kwa miezi michache wakati kama huo hupata nafasi ya kukua na kuzaa kabla ya kukutana na wavu.

Gharama nayo ni rahisi kueleweka kwa yeyote aliyewahi kula leo alichokipata jana usiku. Katika uvuvi wa Tanganyika, mwenye chombo huondoa kwanza gharama zake, kisha mabaharia hugawana kilichobaki. Ziwa likifungwa, mwenye chombo huenda ana duka, nyumba ya kupangisha au gari. Baharia wake ana mikono tu. Baada yake yuko mama anayenunua ndagala wabichi alfajiri na kuwaanika juani. Yuko mshona nyavu, mbeba ndoo, na mwuza chai wa mwaloni. Hao wote hufungwa siku moja na ziwa, ingawa majina yao hayamo katika tangazo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na tangazo la miezi 3 huandikwa zaidi na watu wenye mishahara.

Kwa hiyo yapo madai mawili, na yote mawili ni ya kweli. Ziwa lisipopumzishwa, mjukuu wa baharia yule hatakuwa na kazi. Ziwa likipumzishwa bila ya kumfikiria baharia, mtoto wake wa leo hatakuwa na chakula. Uongozi mwema ni ule unaoyakubali madai yote mawili bila kulifanya moja kuwa uongo.

Sheria iliyo kama mwezi

Wako wasemao kwamba kufunga ziwa ni jambo geni, lililoletwa na wataalamu. Wavuvi wenyewe wanajua kwamba sivyo. Tangu zamani ndagala huvuliwa gizani, kwa mwanga. Babu alitumia moto wa kuni na wavu wa lusenga. Baba akatumia taa ya karabai. Kijana wa leo ana taa za umeme wa jua. Lakini wote watatu walishindwa na kitu kimoja: mbalamwezi. Mwezi unapokuwa mpevu, mwanga wake hutawanya samaki, na taa ya chombo haina nguvu ya kuwakusanya. Hapo wavuvi hubaki nchi kavu kwa siku kadhaa. Hushona nyavu, huziba nyufa za vyombo, hutembelea ndugu. Kila mwezi, miaka yote, ziwa limekuwa likifungwa na mwezi, na hakuna aliyewahi kuandamana dhidi yake.

Kwa nini mvuvi humtii mwezi bila manung'uniko, na hunung'unikia amri ya serikali? Si kwa sababu mwezi una bunduki. Kwanza, mwezi hutangaza mapema. Kila mtu huuhesabu na kujiwekea akiba. Pili, hufunga kwa wote siku moja. Haumfungii mwenye mtumbwi mdogo na kumfungulia mwenye chombo kikubwa. Tatu, haupokei chochote. Hakuna ndoo ya ndagala inayoweza kuufanya mwezi ufumbe macho. Na nne, mvuvi anajua hakika kwamba siku zake zikiisha, giza litarudi na samaki watakuwapo.

Amri yoyote ya kufunga ziwa, au sehemu yake, inaweza kupimwa kwa mambo hayo manne. Ikitangazwa ghafla, ikawabana wadogo na kuwaacha wakubwa, ikanunulika, au ikakosa kumwonyesha mvuvi faida yake baada ya kufunguliwa, itavunjwa usiku hata kama itasimamiwa na kikosi kizima. Ikitimiza manne hayo, wavuvi wenyewe watakuwa walinzi wake.

Funzo kutoka Mafia na Mahale

Si Burundi peke yake iliyokutana na mtihani huu. Katika Bahari ya Hindi, Tanzania ilitunga sheria ya hifadhi za bahari mwaka 1994, na mwaka uliofuata ikaanzisha hifadhi ya kwanza ya namna hiyo katika kisiwa cha Mafia, yenye eneo la kilomita za mraba 822. Ndani ya eneo hilo kulikuwa na vijiji vya wavuvi waliokuwapo tangu enzi na enzi. Kuwahamisha kusingaliwezekana, na kuwaacha wavue popote kungaliifanya hifadhi kuwa jina tu.

Njia iliyochaguliwa ilikuwa ni kuigawa bahari kama mtu anavyogawa nyumba. Kuna chumba cha ndani kabisa, ambako havuliwi kitu. Kuna sebule, ambako wenyeji huvua kwa vyombo na nyavu zilizokubaliwa. Na kuna ua, ambako shughuli nyingi zaidi zinaruhusiwa. Mizozo haikukoma kwa siku moja, wala haijakoma yote. Lakini mvuvi anayeambiwa "vua pale, usivue hapa" husikia neno lililo tofauti na la yule anayeambiwa "usivue".

Katika Tanganyika yenyewe, kusini ya Kigoma, hifadhi ya Mahale iliyoanzishwa mwaka 1985 ina ukanda wa maji wenye upana wa kilomita 1.6 kutoka pwani, ambamo uvuvi umekatazwa. Mvuvi huukuta mpaka huo mbele yake, lakini nje yake ziwa ni pana. Burundi haina upana huo. Pwani yake ni fupi na watu wake ni wengi, na kila mwalo una wenyewe. Kwa hiyo haiwezi kuiga Mahale jinsi ilivyo. Inachoweza kujifunza ni kanuni ya nyumba: vyumba vya ndani viwe vichache, vichaguliwe mahali samaki wanapozaa kweli, na wavuvi washirikishwe kuvichagua, maana wao ndio wanaojua magugu yalipo.

Askari mwenye zamu

Hakuna mpaka unaojilinda. Katika ziwa, kazi hiyo huangukia askari wa majini na polisi, na si kazi nyepesi. Usiku ni mrefu, pepo za kiangazi huamsha mawimbi makubwa, na anayekamatwa mara nyingi si adui bali ni kijana wa mtaa wa jirani.

Wazee wa mialoni wanakumbuka miaka ya vita iliyoanza mwaka 1993, ambapo uvuvi wa usiku ulizuiwa mara kadhaa kwa sababu za usalama. Kwa mvuvi wa wakati ule, buti ufukweni lilikuwa na maana moja: leo hakuna mlo. Kumbukumbu hiyo haikufutika kwa kuwa vita vilikwisha. Askari wa leo anayekwenda kulinda mazalio ya samaki hukutana na macho yaliyomzoea kwa sura nyingine, na hana budi kuuthibitisha wema wa kazi yake kwa matendo.

Matendo yenyewe si mengi. Ni kuijua sheria kabla ya kuitekeleza, ili asimkamate asiye na kosa kwa kubahatisha. Ni kuanza na wakubwa. Chombo kikubwa kikipita na mtumbwi wa mzee ukikamatwa, habari hiyo hufika kila mwalo kabla ya mapambazuko, na siku hiyo mpaka umevunjika. Ni kuandika kila wavu uliochukuliwa, mbele ya mwenyewe na mashahidi, na kuuharibu hadharani kama sheria inavyotaka. Maana wavu uliokamatwa asubuhi ukionekana majini jioni, kila mtu hujua umepita mikononi mwa nani.

Na zaidi ya yote, ni ile ndoo ya ndagala. Huletwa kwa heshima, ikisemwa kuwa ni ya watoto. Askari mwenye mshahara mdogo na watoto wengi huiona kama zawadi ya jirani. Lakini aliyeipokea ameuza usiku mmoja wa ziwa, tena kwa bei ya chini kuliko ya sokoni. Kesho yake hataweza kumzuia mwenye ndoo kubwa zaidi. Mke wa askari ana neno katika jambo hili kuliko kamanda: ndoo ile huingia kwa mlango wake, naye ndiye awezaye kuuliza imetoka wapi.

Jikoni na uani

Mama wa nyumbani, aliyeachwa mwisho katika orodha ya wenye haja, ana uwezo ambao aghalabu hauhesabiwi.

Uwezo wa kwanza ni akiba. Tarehe za kufungwa zikitangazwa mapema, wiki za kabla ya hapo ni za kununua ndagala wakavu, si kwa pupa, bali kidogo kidogo kila siku ya soko. Ndagala aliyekauka vema huvunjika akikunjwa, wala hana harufu ya kuoza. Apepetwe kuondoa mchanga, aanikwe tena jua la siku moja, kisha atiwe katika debe au chupa yenye kifuniko kinachobana, mbali na moshi na unyevu. Waliokaushwa juu ya vichanja vya waya, ambavyo shirika la FAO lilisaidia kuvieneza katika mialo ya Burundi, hukaa vizuri zaidi kuliko wale waliotandazwa mchangani, na huharibika kidogo mvua inaponyesha. Kila ndagala asiyeoza ni ndagala mmoja ambaye hakuna haja ya kumvua tena.

Uwezo wa pili ni kubadilisha chungu. Ndagala huliwa mzima pamoja na mifupa yake, na hivyo humpa mtoto vitu vya kujenga mwili na mifupa. Katika miezi ya kufungwa, maharagwe yaliyopikwa na karanga za kusaga, pamoja na lengalenga au kisamvu, huweza kushika nafasi hiyo kwa sehemu kubwa. Na konzi moja ya ndagala wa akiba, wakisagwa na kutiwa katika mboga, hutosha kuirudisha ladha ambayo watoto wanaidai.

Uwezo wa tatu ni kukataa. Samaki wachanga mno, walio wadogo kuliko kidole cha mtoto, huuzwa kwa sababu wako wanaowanunua. Bei yao ni nafuu leo kwa kuwa gharama yake inalipwa mwakani. Mwuzaji akirudi nao nyumbani mara mbili au tatu, habari itamfikia mwenye wavu upesi kuliko barua ya idara yoyote.

Na uwezo wa nne uko uani. Taka zinazotupwa katika korongo la Ntahangwa wakati wa kiangazi huonekana zimekwisha mvua ya kwanza inapozibeba. Hazikwisha. Zimekwenda ziwani, ambako mji huteka maji, ambako watoto huoga, na ambako kipindupindu kimewahi kupata njia ya kuingia majumbani. Anayechemsha maji ya kunywa na kuzuia taka zake amefanya kazi ya ulinzi wa ziwa bila ya kuvaa sare.

Wahenga walisema akiba haiozi. Mipaka ya ziwa, ya mahali na ya majira, ni akiba ya namna hiyo. Lakini akiba hulindwa na nyumba nzima, si na mtu mmoja aliyewekwa mlangoni na fimbo. Baharia akiona kwamba mwenye chombo kikubwa naye amefunga, askari akirudi nyumbani mikono mitupu, na mama akawa na debe lake la ndagala limejaa kabla ya tarehe kufika, miezi 3 itapita. Mwezi utapevuka na kufifia mara tatu, na taa zitakaporudi majini, wavu utakaovutwa usiku wa kwanza ndio utakaosema kama kila mmoja alitimiza sehemu yake.